Kuifuata Saksafoni Hadi Wajir

Tangu nirudi nimeisimulia safari hii vipande vipande: kipande kwenye foleni ya uji, kipande bafuni, kipande darasani mwalimu akiwa ametoka. Sasa kila mmoja wenu ana kipande chake na hakuna mwenye safari nzima. Otieno anaamini nilipigwa risasi. Kariuki anaamini nilioa. Basi nawaandikia yote mara moja, mpokezane daftari hili, nami mniache nifanye mazoezi.

Jinsi jambo lilivyoanza mnajua. Wafula, mkuu wa bendi yetu ya chuo, aliniambia waziwazi: "Nafasi ya saksafoni ya tena ipo, Musyoki. Chombo ndicho hakipo. Ukipata chako, njoo." Nilikuwa nimejifunza kwa saksafoni ya kuazima, ya mpigaji mmoja wa Nairobi aliyenionea huruma, lakini kununua yangu ilikuwa ndoto. Hata zilizotumika, zile za sauti nzito ziitwazo tena, nilizitazama kupitia vioo vya maduka tu. Fedha nilizopata kwa kuchuma kahawa likizo mbili zingetosha kununua sanduku la kuibebea tu.

Ndipo ikaja barua ya binamu yangu Nzioka, aliyehamishiwa Wajir kama dresa, mfunga vidonda wa zahanati. "Duka moja hapa limetundika ile tarumbeta yako iliyopinda," aliandika. "Mwenyewe anaiuza bei ya bure. Lakini njoo upesi. Kuna mfua fedha anaitaka aiyeyushe, atengeneze bangili."

Mnakumbuka nilivyoruka kitandani. Mnakumbuka pia mlivyosema nina wazimu, kwamba huko kuna vita vya serikali na waasi wa shifta, watu wanauawa barabarani. Yule mpigaji wa Nairobi hakunikataza. Alinipa ulimi mmoja aliokwisha kuutumia, yaani kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni na kutetema ukipuliza. "Usilipie chombo ambacho hujakisikia," akaniambia. Nikaufunga kwa pamba, nikauweka ndani ya kiberiti.

Habari za karatasi za ruhusa sitazisimulia. Zilinichukua wiki tatu na soli moja ya kiatu.

Thika hadi Mwingi

Nilipanda lori lililobeba sukari na unga. Dereva alikuwa Msomali wa Garissa aliyeitwa Gedi, mtu wa makamo mwenye ndevu alizozitia hina, aliyezungumza na injini kwa Kisomali kila tulipopanda mlima. Kwa Kiswahili alizungumza nami.

"Wewe ni askari?"

"Hapana. Mwanafunzi. Nasomea ualimu."

"Sasa Wajir unatafuta nini?"

"Naenda kununua saksafoni."

Akanitazama mpaka nikaogopa lori litaacha barabara. "Sakafu?"

"Saksafoni."

"Ndiyo, sakafu. Nairobi yote hakuna simiti?"

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia ni kitu cha muziki, kinapulizwa, kimepinda hivi. Injini ilikuwa inanguruma, naye alitikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Mwisho akasema, "Wajir nyumba nyingi chini ni mchanga tu. Lakini tutauliza." Nikaacha.

Mwingi rejeta ilianza kuvuja. Tulikaa siku moja na nusu, nikala muthokoi wa moto kwa mama mmoja karibu na gereji, mahindi ya kukoboa yaliyochanganywa na kunde nyingi. Nautaja kwa sababu ndicho chakula cha mwisho nilichokijua jina kwa muda mrefu.

Mwingi hadi Garissa

Baada ya Mwingi miti ilipungua kimo, kisha ikapoteza majani, ikabaki miiba. Jasho lilikauka kabla halijatiririka. Mahali fulani Gedi alipunguza mwendo, akaonyesha kwa kidevu. Kando ya barabara palikuwa na gamba la lori lililoungua, limekaa juu ya rimu zake.

"Rafiki yangu," alisema.

"Shifta?"

"Moto," akajibu, akaongeza mwendo hadi tulipoona miti ya kijani ya mto Tana.

Darajani tulishushwa, tukapekuliwa. Magunia yalichomwa kwa vyuma vyembamba kuona kama yameficha risasi. Walinifungulia hata kiberiti changu. Askari akautazama ule ulimi, akauliza ni dawa ya nini. Nikasema ni ya pumzi. Akanirudishia.

Garissa

Kutoka Garissa kwenda juu hakuna gari lililoruhusiwa kusafiri peke yake. Malori yalikusanywa, yakawekewa askari mbele na nyuma, yakaenda kwa msafara. Gedi alinishusha kando ya ukuta mmoja wenye kivuli, akasema anakwenda kuuliza msafara utaondoka lini.

"Ngoja haba," akaniambia.

Nami nikangoja haba. Nilingoja kidogo, kama nilivyoambiwa, kisha nikaona nimengoja vya kutosha, nikaenda kutafuta chai. Niliporudi, ukuta ulikuwepo na kivuli kilikuwepo, ila msafara ulikuwa vumbi upande wa kaskazini. Gedi alikuwa amekuja kunichukua hapo hapo, akanikosa. Mkoba wangu aliuacha kwa mama aliyekuwa akiuza maziwa karibu na ukuta.

"Alikwambia nini?" mama yule aliniuliza. Jina lake Halima, mjane mrefu mwenye sauti nzito, naye pia alikuwa akisubiri kwenda Wajir kumwona binti yake aliyejifungua.

"Aliniambia ningoje haba."

"Sasa kwa nini hukungoja haba?" Akapiga ardhi kwa fimbo yake. "Haba! Haba! Mahali hii!"

Ndipo nikaelewa. Gedi, kama watu wengi wa huko, P yake hutoka B. Alikuwa ameniambia ningoje *hapa*. Mama Halima alipofahamu nilichosikia alicheka mpaka akakaa chini, akamwita jirani, nikasimulia upya, jirani akamwita mwingine. Kwa siku tatu nilizongoja msafara uliofuata, watu nisiowajua walinisalimu mtaani, "Maalim! Bado unangoja haba?"

Siku tatu hizo nilikula kwa Mama Halima, na hapo ndipo Kariuki alipotoa habari ya kuoa. Asubuhi ya kwanza alinipa anjera, mkate mwepesi wenye vitundu, aliyoimwagia samli na chai. Kisha akanipa kibuyu cha maziwa ya ngamia. Kwetu mgeni akipewa chombo anakimaliza, la sivyo amedharau, kwa hiyo nilikimaliza. Nilipokiweka chini niliona wanawake wanne wananitazama. Kile kibuyu kilikuwa cha watu wote.

"Ulikuwa na kiu," alisema Mama Halima kwa upole.

Adhabu ilikuja yenyewe. Maziwa ya ngamia hayapendi tumbo geni, na mchana ule choo cha Garissa nilikijua kuliko mji wenyewe. Mama Halima hakunicheka. Alinichemshia chai ya rangi yenye tangawizi, akanifundisha maneno machache ya kunifaa huko mbele. "Mwenye duka ukimkuta mtu mzima, usimwite 'wewe'. Mwite *adeer*. Ni kama kumwita baba mdogo."

Garissa hadi Wajir

Tuliondoka malori tisa. Nilikaa juu ya magunia pamoja na Mama Halima, ambaye alikuwa na debe la samli na kikapu cha nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Hiyo naijua sasa kwa jina, na nikifumba macho naipata kwa ladha. Alinipimia kwa kijiko. Nilikuwa nimejifunza, sikumaliza.

Baada ya Modogashe tulisikia milio miwili mbele, mikavu, kama mtu amevunja kuni. Malori yakasimama. Askari wakapiga kelele tushuke. Tulilala kwenye mchanga chini ya lori letu, mimi na Mama Halima bega kwa bega, yeye akinong'ona dua, mimi nikitazama mdudu mweusi anayevuta kinyesi cha mbuzi. Nilimwonea wivu. Nilifikiria mama yangu Machakos, ambaye alijua niko chuoni Thika. Nikaona jinsi habari ingemfikia: mwanao amekufa akifuata tarumbeta.

Tulilala pale hadi jua likahama upande. Mama Halima alipomaliza dua alinizungumzia kwa sauti ya chini, nadhani ili kunituliza.

"Serikali imechukua ngamia wa ndugu yangu. Inasema anawalisha shifta. Shifta wamechukua waliobaki. Wanasema anailisha serikali. Sasa yeye mwenyewe halishwi na mtu."

Kule kwetu vita hivi ni habari ya redio, dakika mbili kabla ya matangazo ya vifo. Nilimwambia pole. Akasema, "Bole tumezoea. Kula hii," akanitilia tende mkononi.

Mwisho ikaja taarifa kwamba askari wa mbele alikuwa amepiga risasi kichaka kilichotikisika. Katika kichaka hapakuwa na kitu. Tukapanda tena, watu wakiongea sana, kwa sauti za juu kuliko ilivyohitajika.

Wajir

Mji mweupe, kuta zimepakwa chokaa, visima vingi na punda wengi zaidi. Nzioka alinipokea kwa kunikumbatia na kunitukana kwa kuchelewa. "Mfua fedha amekuja mara mbili wiki hii," alisema. "Twende sasa hivi."

Tulimkuta Haji Farah, mwenye duka, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimsalimu nilivyofundishwa. Uso wake ukafunguka.

"Wewe ndiye mwanafunzi wa sakafu! Gedi ameniambia. Nimekuwekea." Akanipeleka nyuma ya duka, akanionyesha mifuko miwili ya saruji. "Watu wameitaka nimekataa. Nimesema, kuna mtu anatoka mbali."

Ilibidi Nzioka aelekeze kidole ukutani. Pale, katikati ya kamba za ngamia na taa za chemli, ilining'inia saksafoni ya tena.

Haji aliisikitikia saruji yake kidogo, kisha akaishusha ile saksafoni, akaifuta kwa kikoi. Mzungu mmoja ofisa aliuza vyombo vyake vyote alipoondoka wakati wa Uhuru, na Haji alinunua vyote pamoja, meza, vitanda na hii. Niliikagua. Shaba ilikuwa imefifia, ngozi moja ya kuziba tundu ilikuwa imeliwa na wadudu, lakini mwili haukuwa na ufa na vitufe vyote vilirudi nikivibonyeza.

"Mwanangu, sitaki kukudanganya," Haji alisema. "Hii kitu imekufa. Tumebuliza watu wazima saba, hata yule mwenye kuadhini, mwenye bumzi kuliko wote. Hakuna sauti. Kwa hiyo nauza shaba tu." Akaiweka kwenye mizani, upande wa pili akaweka mawe ya kupimia sukari. Bei aliyotaja ilikuwa bei ya jozi ya viatu.

Nzioka akanikanyaga mguu. Nilielewa: nyamaza, lipa, twende. Nilijua kwa nini haikulia. Haikuwa na ulimi, na watu saba walikuwa wamepuliza bomba tupu. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni. Nitawaambia kweli, kwa sababu ninyi ni marafiki zangu: nilikuwa karibu kulipa. Lakini yule mzee alikuwa akinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, na bado anarudia kwamba imekufa, nisije nikamlaumu. Mtu aliyekuwa akiniuzia alijitahidi asinidanganye. Mimi niliyekuwa nikinunua ndiye niliyejitahidi nimdanganye.

"Adeer," nikasema, "kulikuwa na kipande cheusi, cha kuweka hapa juu. Kiko wapi?"

Nzioka alishusha pumzi, akatoka nje. Haji alifikiri, akaenda kwenye debe la mafuta ya taa, akarudi na mdomo wa saksafoni. Alikuwa akiutumia kama faneli ya kujazia taa. Niliuosha kwa sabuni mara tatu. Nikaufunga ulimi wangu, nikaziba lile tundu bovu kwa kipande cha ngozi ya mbuzi alichonikatia, nikapuliza.

Sijui mlio ule nitaueleza vipi. Katika lile duka dogo ulikuwa kama ng'ombe dume ameingia. Haji aliruka nyuma, taa zikagongana, punda nje akajibu. Nikapata noti, nikaishikilia, kisha nikapiga wimbo wa dansi ule wa kwanza niliojifunza. Mlango ulijaa watu. Halafu watu wakatoa njia, wakaingia askari wawili na bunduki.

"Nani amepiga king'ora?" Koplo alikuwa mtu wa bara kama mimi, jasho linamtoka.

Nikainua saksafoni. Akaitazama. Akamtazama mwenzake. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Waweza kupiga rumba?"

Nilipiga rumba. Koplo alisimama bila kucheza, bunduki begani, kidole kimoja kikigonga mkanda wake. Wimbo ulipoisha alisema, "Miezi minane sijasikia muziki wa watu," akatuamuru tusipige tena bila kumwarifu, akaondoka.

Haji alikuwa amevua miwani. "Kumbe iko hai."

"Iko hai, adeer."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akavaa tena miwani yake. "Ungenyamaza ungeibata kwa bei ya shaba."

"Ndiyo."

"Sasa mimi ni mfanyabiashara," alisema polepole. "Siwezi kuuza kitu hai kwa bei ya maiti."

Tulipatana kwa vikombe vitatu vya chai. Hakunihurumia sana, wala sikutaka. Alichukua karibu kila nilichokuwa nacho, ikabaki fedha ya kula njiani. Nilipomwambia sina nauli ya kurudi, alinitazama kama nimemtukana. "Nauli? Gedi anarudi na ngozi zangu. Utakaa juu." Nzioka alininunia hadi jioni, aliponipigia magoti niipige tena.

Wajir hadi Garissa

Nilikaa juu ya ngozi mbichi za mbuzi kwa siku mbili. Harufu yake huingia kwenye meno. Gedi alikuwa ameshasikia habari ya duka, na sasa alilitamka neno lenyewe kwa fahari, "sakafoni", akamweleza kila dereva njiani kwamba yeye ndiye aliyemleta mtaalamu wake. Nilikuwa nimechoka, nanuka, sina senti, na sikumbuki lini niliwahi kuwa na furaha kiasi kile.

Daraja la Tana

Hapa ndipo Otieno alipotoa habari ya risasi, kwa hiyo asome vizuri.

Sajini wa zamu upande wa Garissa hakuwepo tulipopita mwanzo. Alipofungua gunia nililoivisha saksafoni alirudi hatua mbili, na bunduki zote zikanigeukia.

"Bomba la nini hili?"

"La muziki, afande."

"Piga."

Nikapiga. Haikutoka sauti. Nikapiga tena, ikatoka pumzi tu. Jua na vumbi la siku mbili vilikuwa vimeupasua ulimi katikati. Niliutoa, nikamwonyesha ufa, lakini yeye aliona kijiti tu.

"Bomba la muziki lisilo na muziki," alisema. "Kaa chini." Akaamuru ichukuliwe, mimi nipelekwe kituoni, na lori liende.

Gedi hakuondoka. Alishuka, akazima injini, akasimama kando yangu. "Huyu ni maalim. Ngozi ni mzigo wangu, na huyu ni wangu."

"Basi mtakaa wote," sajini akamjibu.

Nilikuwa nimekaa kwenye vumbi, mikono kichwani, nikiitazama Tana. Kando ya maji kulikuwa na matete. Mengi mabichi, ila ukingoni mengine yalikuwa makavu, ya manjano. "Afande," nikasema, "nipe askari mmoja na nusu saa. Sauti yake iko pale mtoni."

Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa amechoka na hakuna lililotokea siku nzima. Askari alinishusha ukingoni. Nilikata tete kavu, nene kama kidole gumba. Gedi akanipa wembe wake wa kunyolea. Nikapasua, nikakwangua, nikapima kwa ule ulimi uliovunjika, nikakwangua tena. Wa kwanza ulivunjika. Wa pili ulikuwa mnene, ukagoma. Wa tatu nikauweka mdomoni ulainike, huku yule askari anarusha mawe majini na kunisahau.

Tuliporudi darajani nilipuliza. Ilitoka sauti mbaya kupita zote nilizowahi kusikia, kama bata aliyebanwa na mlango. Lakini ilikuwa sauti, na niliifuata, nikaipandisha, nikaishusha, ikaanza kufanana na wimbo. Askari wote walikuwa wanacheka. Sajini alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Ondokeni," alisema. "Na hiyo kitu usiipige karibu na watoto."

Gedi aliwasha injini kabla hajamaliza kusema.

Thika

Nilifika Ijumaa mchana. Nilioga mara mbili na bado mkaniambia nitoke bwenini. Jumamosi nilinunua ulimi mpya kwa mkopo wa Kariuki, nikaenda kwenye chumba cha bendi mapema, kabla ya wengine, nikakaa pembeni. Wafula aliingia, akaniona, hakuuliza nimetoka wapi. Alisema tu, "Tuanze na wimbo ule wa polepole." Wakaanza: gitaa, ngoma, tarumbeta mbili. Nilingoja zamu yangu nikihesabu mapigo. Kisha nikaingia. Ngozi ya mbuzi ilishika. Noti ya chini kabisa, ambayo niliiogopa, ilitoka nzito na ya joto, ikajaa chumba.

Wafula alipiga mpaka mwisho bila kunitazama. Wimbo ulipokwisha aliinama, akakikamata kiti chake, akakisogeza upande, wenzake nao wakasogeza vyao, mpaka pakawa na nafasi ya kiti kimoja.